Mtafiti Aone Mgongo wa Picha

SWALI: Nasimamia ufadhili wa watafiti wa sanaa ya Uholanzi na Flanders (eneo la Ubelgiji ya leo) kwenye makumbusho. Mwombaji mmoja hodari anadai picha zote tayari zipo mtandaoni, haoni haja ya kuja. Nimkatae?

JIBU: Usimkatae, mlete. Ila kabla hajafika, kubaliana na wahifadhi siku ya kushusha picha ukutani. Ratiba yao hujaa mapema, nami huwaandikia, maana ahadi za kwenye korido husahaulika. Picha nyingi za zamani zilichorwa juu ya mbao, na mbao za Antwerp, mji wa Flanders, hasa tangu kanuni za mafundi wa mbao za 1617, mara nyingi zina chapa ya moto mgongoni: ngome na mikono miwili, alama ya mji huo. Mtandaoni kwa kawaida utaona upande wa mbele tu. Posho ilipwe mwanzoni mwa mwezi. Mtafiti anayedaiwa kodi ya nyumba hasomi kitu.