Kabla hamjamtafuta wakili, chukueni maji ya mto

Wiki mbili zilizopita mahakama ya rufaa ilifuta kibali cha mgodi wa dhahabu tulioupinga kwa miaka 9. Hongera zimekuwa nyingi na zote nimezipokea kwa moyo mkunjufu. Ila kuna ujumbe mmoja umeninyima usingizi. Ulitoka kwa binti aliyejitambulisha kuwa katibu wa kikundi cha mazingira: "Shikamoo Mwalimu. Na kwetu wameanza kuchoronga mlimani. Wazee wanasema twende kwa wakili moja kwa moja. Tuanzie wapi?"

Marahaba mwanangu. Nakujibu hapa mbele ya wote kwa sababu swali lako ndilo nililotakiwa kuliuliza mimi wakati ule, na sikuliuliza.

Sisi tulianzia kwa wakili. Tulikuwa watu 14, wengi wetu hatujawahi kukanyaga mahakamani. Tulichangishana, nikauza kiwanja changu, tukafungua kesi tukiwa na hasira na picha za simu. Siku ya kusikilizwa tulijaza mabenchi mawili. Upande wa kampuni ukasimama na kuleta pingamizi la awali: muda wa kupinga kibali umepita. Sheria inatoa siku za kuhesabika, na hesabu ilianza siku kibali kilipotolewa, si siku sisi tulipokisikia. Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye ubao wa ofisi ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuwa na shughuli nayo. Nusu saa haikuisha, kesi ikatupwa. Neno "mto" halikutamkwa hata mara moja. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, na mama mmoja mzee tuliyekuja naye akaniuliza, "Mwalimu, mbona hawajatuuliza kitu?" Sikuwa na jibu. Swali lile bado linanichoma.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni tarehe. Mkisikia tu kwamba kuna watu wanapima ardhi, nendeni mkaulize kama kuna maombi ya kibali na kama tathmini ya athari kwa mazingira imewasilishwa. Ombeni kwa barua, barua igongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala ibaki kwenu. Wakiwaambia mrudi kesho, rudini kesho na barua nyingine. Ripoti ile ni ndefu, kurasa mamia, imejaa majedwali, na inaandikwa kana kwamba haitasomwa na mtu wa kijijini. Isomeni. Gawaneni sura. Mimi nilipewa sura ya maji, nikaisoma mara nne, na humo ndimo nilimokuta sentensi iliyotugharimu miaka: kwamba mto wetu "kiasili" una arseniki, ile sumu inayotoka kwenye miamba, hata kabla ya mgodi.

Hapo ndipo kesi yetu ya pili nusura izame. Maana mwamba wenye dhahabu mara nyingi kweli huwa na arseniki ndani yake, na kampuni yoyote inaweza kusema hivyo. Ukitaka kuipinga lazima uonyeshe mto ulikuwaje jana, na sisi jana hatukuwa nayo. Shimo la kwanza lilikwisha kufunguliwa. Zuio la muda tulikuwa tumelikosa, kwa hiyo mashine zilifanya kazi muda wote sisi tukibishana.

Niwaeleze kinachotokea, maana wengi hudhani sumu ni sayanidi peke yake. Sayanidi ipo: jiwe husagwa likawa unga, huchanganywa na maji yenye sayanidi, dhahabu inayeyuka humo, kisha inanaswa. Tope linalobaki huhifadhiwa kwenye bwawa. Januari 2000 bwawa la namna hiyo lilipasuka Baia Mare, Romania, likamwaga takriban mita za ujazo 100,000 za maji yenye sayanidi, na samaki wakafa mto baada ya mto hadi kufikia Danube. Ajali ya aina ile kila mtu huiona. Ya pili huja kimya. Mawe yanayofukuliwa na kurundikwa kando mara nyingi yana madini ya salfaidi, yaani yenye salfa ndani yake. Yakikutana na hewa na mvua hutoa tindikali, na tindikali hiyo huyeyusha arseniki na metali nyingine na kuzishusha mtoni. Inaweza kuendelea miongo mingi baada ya mgodi kufungwa. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mikrogramu 10 za arseniki kwa lita moja ya maji ya kunywa. Huwezi kuionja wala kuinusa.

Kilichotuokoa ni daftari. Mwalimu mwenzangu wa kemia alikuwa na desturi ya kuwapeleka wanafunzi mtoni kila muhula kupima uchachu wa maji. Miaka 6 mfululizo, kabla mtu yeyote hajaota habari ya mgodi. Ni daftari la kawaida la jalada gumu, kona zimeliwa na mende, ukurasa wa 3 una doa la chai. Tarehe, saa, mahali, namba, jina la mtoto aliyepima. Kwenye kipimo hicho 7 ni maji yasiyo na uchachu, na namba ikishuka uchachu umezidi. Maji yalikuwa yakisoma karibu na 7 miaka yote ile. Sampuli tulizopeleka maabara baada ya shimo kufunguliwa zilisoma 4 na kitu. Wakili wa kampuni alisema hayo ni mazoezi ya watoto. Jaji akaomba daftari apewe mkononi. Alilifungua taratibu, akafunua ukurasa baada ya ukurasa, na mahakama nzima ikanyamaza. Niliona jina la mwanafunzi wangu, mtoto wa kidato cha 2 wakati ule, likisomwa kwa sauti na kuingia kwenye kumbukumbu za mahakama. Nikiwa kaburini nitaikumbuka siku ile.

Basi binti yangu, nanyi wengine mnaosoma, chukueni maji. Juu ya eneo la mgodi na chini yake, masika na kiangazi. Ombeni chupa maabara wenyewe, na muulize kama zimetiwa tindikali ya kuhifadhi metali, kwa sababu zikiwa nayo hamtakiwi kuzisuuza. Simama ukiutazama mkondo unakotoka, chota, funga, andika palepale tarehe, saa, mahali na jina. Kila chupa inapobadilisha mikono, aliyetoa na aliyepokea watie saini. Saini moja ikikosekana, wakili wa upande wa pili ataivuta hiyo hiyo mpaka shati zima lifumuke.

Mwaka wa 3 hadi wa 6 sitausimulia. Kesi ilitajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena.

Ila kuna jambo la miaka ile siwezi kuliruka. Mwenyekiti wetu wa kwanza, mtu niliyemwamini kuliko ndugu zangu wa damu, aliacha kuja vikaoni. Mara nikamwona kwenye mkutano wa kijiji amevaa kizibao chenye nembo ya kampuni, amekuwa afisa uhusiano wa jamii. Alikuwa na nakala pekee ya mihtasari yetu ya mwaka mzima. Hatukuipata tena. Watoto wake walihitaji ada, najua, na wangu pia walihitaji. Tukikutana njiani hunisalimia, nami huitikia, lakini macho yangu hutazama kando. Nilijaribu kusamehe na bado najaribu.

Kwa hiyo kila karatasi ikae kwa watu wawili au watatu, nyumba tofauti. Asiende mtu peke yake kukutana na kampuni, hata kama ni mwenyekiti, hata kama ni mimi. Na kabla ya kufungua kesi mwulizeni wakili wenu swali hili waziwazi: tukishindwa, gharama za upande wa pili nani atalipa? Sisi tuliijua bei ya kushindwa baada ya kushindwa.

Mtu atawaambia kwamba kampuni kubwa haishindwi. Mwambieni asome habari za Roșia Montană, huko huko Romania. Wakazi waliunda kikundi kinachoitwa Alburnus Maior mwaka 2000, wakakishambulia kibali kimoja baada ya kingine mahakamani. Mgodi haukujengwa, na mwaka 2021 UNESCO iliiweka sehemu ile kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Kampuni ilikuwa imeishtaki serikali mbele ya wasuluhishi wa kimataifa ikidai fidia, na mwaka 2024 madai hayo yakatupwa. Wanakijiji hao hawakuwa matajiri. Walikuwa wakaidi.

Lakini nisiwadanganye pia. Bergama, Uturuki, wanakijiji walishinda mwaka 1997 katika mahakama ya juu ya utawala, na mgodi ukaja kufanya kazi hata hivyo. Ilibidi waende hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyowapa haki yao mwaka 2004. El Salvador ilipiga marufuku uchimbaji wa madini ya metali mwaka 2017, na Desemba 2024 bunge likaifuta sheria hiyo. Ndiyo maana juzi, wenzangu walipokuwa wakiimba na kucheza nje ya mahakama, mimi nilikuwa masijala nikisubiri nakala ya hukumu yenye muhuri. Waliniita, nikawaambia nakuja. Nilitaka kuishika kwanza.

Jumamosi iliyopita tulikuwa mtoni tena, watu 5, na chupa 8. Maji bado yana rangi ya kutu chini ya rundo la mawe. Hukumu haijayasafisha, na sisi hatujaacha kuyapima.

Na wewe uliyeniandikia: usingoje makala nyingine kutoka kwangu. Nijibu leo, uniambie tarehe mliyoiona mashine ya kwanza, na kama kuna yeyote kati yenu amekwishaona karatasi ya kibali. Nataka tuhesabu hizo siku pamoja kabla jua halijazama.