Tazama mwezi kabla ya kukata tiketi ya Mafia

Simu huwa hivi: "Kaka, tunakuja tarehe 12, tuko sita, wanne wana vyeti vipya, tunataka kuzamia Kinasi." Nafungua kalenda, naona mwezi unapevuka tarehe 11. Nauliza kama tiketi zinaweza kusogezwa wiki moja. Haziwezi, ruhusa kazini zimeshatoka, hoteli imeshalipwa. Basi wanakuja, tunazamia pale maji yanapotuachia, na jioni wanalalamika kwamba kwenye picha walizoona maji yalikuwa ya buluu, mbona wao wameona ukungu.

Nawaandikia ninyi mliopata cheti cha kwanza cha kuzamia juzijuzi, Dar au Unguja, na zaidi wale mnaoanza kuwaandalia wenzenu safari. Mimi nilianza kazi hii Utende, hapa Mafia, nikiwa kijana wa kubeba mitungi kutoka kwenye stoo hadi kwenye boti, kisha nikasomea, sasa ndiye ninayetangulia chini. Mengi nitakayosema niliyajua kwa kukosea.

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 822. Sehemu ambayo wazamiaji wengi huijia ni Ghuba ya Chole, upande wa kusini mashariki. Ghuba hiyo imezungukwa: Mafia yenyewe upande mmoja, Chole katikati, Juani na Jibondo upande wa bahari kuu. Sasa fikiria beseni lenye mdomo. Mdomo mkubwa ndio mlango wa Kinasi. Maji yote yanayoingia ghubani na kutoka, mara mbili kwa siku, mengi yake yanapita hapo.

Maji yakijaa, yanayoingia ni ya bahari kuu, masafi, na samaki wakubwa wanakaa mlangoni kusubiri riziki. Chewa mwenye kichwa kama ndoo, makundi ya kolekole, taa amelala mchangani macho nje. Yakianza kutoka, kila kilichotimuliwa ndani ya ghuba, tope la mikoko, mchanga, majani ya baharini, vyote vinapita hapohapo vikielekea nje. Unaona mkono wako na kidogo mbele yake. Na mkondo unakuvuta kuelekea kusiko na kisiwa kingine mpaka mbali sana. Kwa hiyo Kinasi huzamiwa maji yakiwa yanaingia. Hilo halina mjadala hata mgeni awe amelipa mara mbili.

Ndiyo maana nasema tazama mwezi kwanza. Kwa pwani yetu, siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji hukauka kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Tofauti kati ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Maji mengi, mlango uleule, saa sita tu: pigia hesabu kasi yake. Siku za maji mafu, siku ya 8 au ya 22 hivi tangu mwezi kuandama, mambo hugeuka. Maji yanajaa alfajiri hadi saa nne asubuhi, polepole, na mzamiaji mpya anaweza kushuka saa mbili unusu, akatazama anachotaka kutazama, akarudi kunywa chai. Kila siku saa za maji husogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo ukijua leo, unaijua wiki nzima. Wazee wa hapa hawahitaji jedwali. Muulize mvuvi yeyote mwezi uko ngapi, atakujibu huku akiendelea kushona wavu.

Kundi la wazamiaji wapya nalipangia siku ya 7 hadi ya 11 tangu mwezi kuandama, au ya 21 hadi ya 25. Kundi la wazoefu wanaopenda kuachiwa na mkondo kama basi la mwendokasi, hao waje na bamvua, ila wajue mzamo wao mzuri utakuwa mchana kwenye jua kali, na asubuhi maji yakiwa yamekupwa watatembea kwenye tope hadi magoti ili kuifikia boti.

Niliwahi kuidharau hesabu hiyo. Mwaka wangu wa pili wa kuongoza, wageni wawili walichelewa kwa sababu ya mkanda wa miwani uliokatika. Tulikuwa tushuke nusu saa kabla maji hayajajaa kabisa. Tulipofika Kinasi, nahodha, mzee aliyevua hapo kabla mimi sijazaliwa, alichana kipande cha kuti kavu, akakitupa majini. Kilisimama. Akakitazama, akanitazama. "Bado kidogo yatageuka," alisema. Mimi nikaona kusimama maana yake kutulia, na wageni walikuwa wameshavaa. Tukashuka.

Dakika ya 15 niliona samaki wadogo kwenye mwamba wote wamegeuza vichwa. Samaki huelekeza kichwa kule mkondo unakotoka, na dakika chache nyuma walikuwa wametazama nje. Sasa walitazama ndani. Kisha mapovu yangu, badala ya kupanda, yakawa yanakwenda pembeni. Nikawakusanya wageni, tukapanda kwa utaratibu, tukasimama mita 5 kwa dakika 3 tukiwa tunaelea kama mizigo iliyomwagika. Tulipotoa vichwa, Juani ilikuwa nyuma yetu. Nilikuwa na boya la ishara la rangi ya chungwa, lile refu la kujaza hewa, nikalisimamisha. Nahodha alitupata baada ya muda ambao sikuupima, nilikuwa nahesabu vichwa tu. Hakunigombeza. Alinipa kile kipande cha kuti, alikuwa amekihifadhi.

Tangu siku hiyo kila mzamiaji wangu hubeba boya lake na filimbi, si kiongozi peke yake. Ukiandaa safari na kituo kikakuambia boya la kiongozi linatosha, nunua lako.

Baada ya mwezi, ndipo uangalie upepo. Kaskazi, kuanzia kama Novemba hadi Machi, bahari ya nje hulainika na unaweza kupelekwa nje ya ghuba, kwenye kuta kama Dindini. Kusi likishika, kati ya Mei na Septemba, nje hakuendeki siku nyingi, mnabaki ndani ya ghuba. Si hasara: Milimani, ambako matumbawe yamesimama vilimavilima kama jina linavyosema, ni mahali pazuri kuliko Kinasi kwa mtu mwenye mizamo isiyofika ishirini. Aprili na Mei ni masika, na malazi kadhaa hufunga milango. Ukipata bei ya chini ajabu mwezi wa Aprili, sababu ni hiyo.

Wengi huja kwa ajili ya papa potwe. Hao huonekana zaidi kati ya Oktoba na Februari, upande wa Kilindoni, magharibi ya kisiwa, sio Ghuba ya Chole. Na huogelewa nao juujuu kwa miwani na mrija, bila mtungi. Mtu akikuuzia safari ya "kuzamia na potwe ndani ya hifadhi", muulize maswali zaidi. Nusu siku inawatosha potwe, usiwape ratiba yote.

Sasa ndege. Hapa ndipo waandaaji wapya wanapokosea hesabu kuliko mahali pengine popote. Ukizamia, mwili unanyonya naitrojeni kutoka kwenye hewa ya mtungi, na huitoa taratibu baada ya kupanda. Ukienda juu angani kabla haijatoka, inafanya mapovu kwenye damu na viungo. Kanuni ya kawaida ni saa 12 baada ya mzamo mmoja, saa 18 baada ya mizamo ya siku kadhaa, na mimi huwaambia wageni wangu siku nzima. Kale kandege ka Dar kanaruka chini, kweli, na safari haifiki hata saa moja. Kanuni haijui kandege. Kwa safari ya siku nne visiwani, basi, hesabu siku mbili na nusu za kuzamia, si nne. Waliobanwa kabisa na kazi hurudi kwa boti ya Kilindoni hadi Nyamisati, kisha barabara hadi Dar, kote usawa wa bahari. Ni safari ndefu, na bahari ikichafuka utaijutia, lakini mapovu hayapandi.

Kwa wageni wanaounganisha na mbuga: milima kwanza, bahari baadaye. Ukingo wa Ngorongoro uko juu ya mita 2,000, na gari linakupandisha huko kama ndege inavyokupandisha. Nimeona ratiba iliyochapishwa vizuri, yenye picha za kasa, ikimtoa mtu majini asubuhi na kumlaza Ngorongoro usiku wake. Aliyeiandika hakuwahi kuzamia.

Mizigo: ndege ndogo huruhusu kilo 15 hivi, kwenye begi laini. Acha nyumbani jaketi la kuelea na mapezi, kodi hapa. Lete miwani yako mwenyewe inayokukaa usoni, kompyuta yako ya kuzamia kama unayo, na fulana ya mikono mirefu badala ya makopo ya mafuta ya jua. Raia wa Tanzania, beba kitambulisho: ada ya hifadhi hulipwa getini ukiingia Utende, ya raia ni tofauti kabisa na ya mgeni, na nimeshuhudia dada mmoja wa Temeke akiandikiwa bei ya kigeni kwa sababu pochi imebaki Dar. Uliza kama bei ya kituo imejumuisha ada hiyo. Mara nyingi haijajumuisha.

Mwenye mafua hazamii. Najua umelipa. Kufikia mita 10 tu mgandamizo umeshakuwa mara mbili ya ule wa juu, na sikio lililoziba halina huruma. Mwenye pumu, moyo au aliyefanyiwa upasuaji aende kwa daktari akiwa bado Dar, maana fomu ya afya utaijaza ukifika, na ukiandika "ndiyo" mahali fulani bila barua ya daktari nitakuzuia nikiwa na huzuni, lakini nitakuzuia. Na kama mara ya mwisho ulizamia mwaka juzi, omba mzamo wa kujikumbusha siku ya kwanza, ufukweni, mita chache. Usione haya. Anayeona haya huonekana anapomaliza mtungi kwa dakika 20.

Mzamo huo wa kujikumbusha hukurudishia pia kujisawazisha majini, yaani kuelea bila kugusa chini, na hilo lina sababu yake. Siku moja nilimfuata kijana, mtu mzuri, mpole, akipiga picha mkunga aliyetoa kichwa kwenye shimo. Ili atulie akapiga goti. Goti lilikuwa juu ya tumbawe la mviringo, la ukubwa wa tairi la lori. Tumbawe la namna hiyo hukua kama sentimita 1 kwa mwaka. Nyuma yake pezi lilikuwa linapepea ndani ya matumbawe ya matawi, na kila likipepea nasikia, maana chini sauti husafiri, tik, tik, kama mtu anavunja vijiti vya kuwashia moto. Hakujua. Nilipomwonyesha juu, kwenye video yake mwenyewe, alinyamaza njia nzima. Miamba hii ilishapauka vibaya mwaka 1998 joto la bahari lilipopanda, na kabla na baada ya hapo imepigwa baruti na kukokotwa juya. Wavuvi wa Jibondo na Juani wamekubali, si bila manung'uniko, kutovua sehemu kadhaa. Sasa ukija wewe na mtungi ukavunja kwa goti, nikikutazama jicho kali, vumilia.

Ndani ya hifadhi kuna vijiji, kumbuka hilo unapopanga. Mwezi wa Ramadhani nahodha na vijana wa boti wamefunga. Wanafanya kazi kama kawaida, lakini mwandaaji mwenye akili hapangi mizamo mitatu hadi jioni, na hafungui chupa ya soda mbele ya mtu anayevuta nanga kwenye jua la saa saba. Ijumaa mchana pia acha wazi. Kutoka ufukweni kwenda kijijini, vaa nguo. Sijui kwa nini hili inabidi kuliandika, lakini inabidi.

Ile siku ya mwisho ya kutozamia, usiiache wazi, watu wakikosa kazi huanza kuniomba "kimoja kidogo tu, mita 6". Wapeleke Chole. Kuna mafundi wa majahazi, kuna magofu yaliyofumwa na mizizi, kuna popo wakubwa wanaoning'inia mchana kwenye miti kama maembe meusi na kuruka jioni. Vuka asubuhi kama ni siku za maji mafu. Kama ni bamvua, subiri hadi adhuhuri, na hata hivyo beba viatu mkononi.