Mkono wa mtoto ukilegea ghafla baada ya mafua

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Bombo, Uganda. Mdogo wangu aliyeko Marekani amenieleza habari za ugonjwa unaoanza kama mafua ya kawaida, kisha mtoto anaamka asubuhi hawezi kuinua mkono. Mwezi uliopita mtoto wa jirani yetu alianza kuburuta mguu, wahudumu wa afya wakaja kumchukulia choo mara mbili, na mtaa mzima ukaingiwa na hofu. Watoto wangu wamepata chanjo zote za polio. Je, chanjo hiyo inawakinga na huo ugonjwa wa Marekani? Nitautambuaje ulegevu wa kweli nisiudhanie kudeka? Na choo kinahusiana nini na mguu?

JIBU: Mama, nianze na la chanjo kwa kuwa jibu lake ni fupi: haiwakingi. Ugonjwa aliokueleza mdogo wako hufahamika kwa herufi AFM, yaani ulegevu wa ghafla unaotokana na uvimbe ndani ya uti wa mgongo, na hadi sasa hauna chanjo. Virusi vinavyohusishwa nao zaidi huitwa enterovirusi D68, ambavyo ni ndugu wa virusi vya polio lakini si vile vile, na kinga ya ndugu mmoja haimzuii mwingine. Vilitambuliwa mara ya kwanza California mwaka 1962, ila ni mwaka 2014 ndipo madaktari wa Marekani walipoanza kuhesabu watoto waliopooza. Walithibitisha wagonjwa 120 mwaka huo, 153 mwaka 2016, na 238 mwaka 2018. Hesabu hizo zinatoka katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 300, kwa hiyo unaona ni ugonjwa wa nadra kiasi gani. Karibu wote walikuwa na homa au mafua siku chache kabla, kisha zikashambuliwa zile seli za ndani ya uti wa mgongo zinazoiamuru misuli ifanye kazi.

Hata hivyo singependa hofu ya ugonjwa wa mbali ikusahaulishe ulio karibu. Uganda ilitangazwa kuwa imeondokana na virusi asilia vya polio mwaka 2006, lakini mwaka 2021 virusi vya polio vya aina ya 2 vilipatikana katika majitaka ya Kampala, na Januari 2022 wahudumu wakapita nyumba kwa nyumba wakiwapa watoto matone. Vilikuwa virusi vilivyotokana na vile vilivyodhoofishwa vya chanjo ya zamani, ambavyo hupata nguvu tena vikizunguka kwa muda mrefu mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa. Ndiyo maana yale matone ya kuzaliwa, ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, pamoja na sindano ya paja, bado yana kazi kubwa.

Sasa tuje kwenye ulegevu wenyewe, kwa sababu hapa mama huona mapema kuliko daktari. Mkalishe mtoto, ushike kipande cha ndizi juu ya kichwa chake, kwanza upande wa kulia, kisha wa kushoto. Anayedeka ataifuata ndizi. Aliyelegea atautumia mkono mzima kuuinua ule mwingine, au atainamisha mwili wote. Ukimbeba mgongoni, miguu ya mtoto mzima hukukaza kiunoni, ila uliolegea huning'inia kama kitambaa kilicholowa. Mfinye kidogo: mara nyingi atahisi na atalia, lakini hataweza kuuvuta mguu. Mtoto anayekataa kutembea kwa sababu ya maumivu, kwa mfano mwenye jeraha, uambukizi wa mfupa au maumivu ya selimundu, hupiga kelele unapoukunja mguu wake wewe mwenyewe, ingawa nguvu anazo. Kwa yote mawili mpeleke hospitali, lakini ulegevu wa ghafla hausubiri kesho. Na ukiona uso umeshuka upande mmoja, sauti imebadilika, anapaliwa na maji au anapumua kwa shida, usipitie dukani wala kwa mganga. Nenda moja kwa moja kwenye hospitali yenye oksijeni, maana kinachoua katika magonjwa haya ni misuli ya kupumua kushindwa.

Kuna jambo jingine ambalo sisi huku Uganda tunalifahamu vizuri kuliko wenzetu wa Marekani, nalo ni sindano ya kalio. Mtoto ana homa, anapelekwa kliniki ndogo, anachomwa kwinini kalioni, na kesho yake mguu umelala. Neva kubwa ya mguu hupita pale pale, na sindano ikiikosea nafasi kidogo, wayo huanguka. Nimewapokea watoto wa namna hiyo wazazi wakiapa kwamba ni polio. Tena, kama kweli virusi vya polio vimo mwilini, kuchoma misuli wakati huo huongeza uwezekano wa kiungo kile kupooza. Kwa hiyo mtoto mwenye homa anayeweza kumeza, omba dawa ya kumeza; na mwambie kila mhudumu ni lini mtoto alichomwa sindano, upande upi, na ulegevu ulianza lini.

Kuhusu choo, mtaa wenu usiwe na wasiwasi. Kila mtoto wa chini ya miaka 15 anayelegea ghafla, hata kama daktari anaamini ni sindano, huchunguzwa polio. Virusi hivyo hukaa kwenye utumbo na kutoka na choo kwa vipindi, leo vipo, kesho havionekani, na ndiyo sababu huchukuliwa sampuli mbili zilizopishana kwa saa 24 hadi 48, ndani ya siku 14 tangu ulegevu uanze. Huwekwa kwenye baridi na kupelekwa maabara ya Taasisi ya Utafiti wa Virusi, Entebbe. Lakini majibu yakisema hakuna polio, hayajasema hakuna D68, kwa kuwa hivyo hupatikana zaidi puani na kooni. Ikiwa mtoto alikuwa na mafua, muulize daktari kama makamasi nayo yamechukuliwa.

Dawa iliyothibitika kuiponya AFM haipo. Hospitali humsaidia mtoto kupumua ikibidi, kisha mazoezi ya viungo yaanze mapema na yaendelee kwa miezi mingi. Wengine hurudiwa na nguvu, wengine hubaki na udhaifu. Nyumbani, kinga ni sabuni na maji ya kutiririka; ile dawa ya mikono ya spiriti tuliyoizoea wakati wa korona haiviwezi vizuri virusi vya jamii hii.

Mwambie jirani yako kwamba huenda mhudumu akarudi baada ya siku 60 kuangalia kama mguu bado umelegea. Amfungulie mlango, na amwonyeshe kadi ya chanjo ya mtoto.