Barua kwa mwanangu: Jengo la Ajabu na mjomba wako

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Unasema umepakua Age of Empires II, ule mchezo wetu wa vita wa kompyuta, toleo lile la 2019, umecheza wikendi nzima dhidi ya kompyuta hadi ukachoka. Sasa unataka nikwambie kweli: mchezo wenyewe ulikuwa mzuri kama tunavyousifia mimi na mjomba wako, au ni ujana tu tunaoutamani?

Kwanza nikuulize mimi: mashamba yako nani anayapanda? Toleo hilo linaweza kujipandia lenyewe. Mwaka 1999 hatukuwa na raha hiyo. Shamba likiisha, limeisha. Mwanakijiji anasimama kando yake kama mtu aliyefukuzwa kazi, nawe uko mbali unapigana. Unarudi unakuta nusu ya watu wako hawana la kufanya na chakula hakuna. Unapanda upya mwenyewe, shamba moja baada ya jingine, mbao 60 kila moja. Nyongeza ya The Conquerors ilipotoka mwaka 2000, ikaruhusu kulipia mashamba mapema pale kinuni, mjomba wako nusura acheze ngoma. Mimi sikufurahi hata kidogo. Mashamba ndiyo yaliyokuwa yakinipa ushindi. Nimekwambia tangu ukiwa mdogo na nitarudia: mshindi wa vita vile hupatikana shambani. Wenzangu walipenda farasi na mapanga. Mimi nilihesabu kondoo, mbao na nyumba. Nyumba moja watu 5 tu, na ukisahau kuongeza nyumba hakuna anayezaliwa.

Ndiyo maana nilifika kwenye Jengo la Ajabu kabla ya wote. Habari hiyo unaijua, ila umeisikia kwa mjomba wako, ambaye huianzia katikati.

Tulikuwa wanne, kompyuta nne meza moja, skrini zile zenye visogo virefu zimepeana migongo ili mtu asichungulie, waya zimetambaa chini mpaka unaogopa kunyoosha mguu. Mimi na yeye washirika, dhidi ya wale wawili. Nikajenga Jengo: mbao 1,000, dhahabu 1,000, mawe 1,000. Likisimama hadi miaka ya mchezo iliyowekwa iishe, mwenye nalo ameshinda, na miaka inavyopungua kila mtu anaiona kwenye skrini yake. Wale wawili wakaja na kila walichokuwa nacho, tukawazuia ukutani. Mjomba wako akasema analeta mitambo yake ya kurusha mawe asaidie ulinzi. Lango humfungukia mshirika lenyewe. Ikaingia, ikajipanga ndani ya ukuta ikiwa imekunjwa, na ikikunjwa hairushi kitu. Nikamwambia asante!

Miaka ikapungua. Imebaki kidogo tu, naona mtambo mmoja unakunjuka. Kisha wa pili. Nikadhani kaona adui nje. Mitambo ile haikunjuki haraka. Unapata muda wa kutosha wa kumfikiria mema ndugu yako. Jiwe la kwanza likatua kwenye Jengo langu. Wapiga mishale wangu wamesimama pale pale wanatazama, maana kila mchezaji huweka msimamo wake, na kwangu mimi yeye alikuwa bado mshirika. Nilipoinua kichwa, alikuwa anajiuma mdomo asicheke.

Mpaka leo anajitetea kwamba kuna kisanduku cha ushindi wa washirika, cha kuwafanya washirika washinde pamoja, na eti hakuwa na hakika kama nimekitia alama. Nilikitia. Si angeuliza? Alikuwa ameketi hapo hapo! Haya, tuseme angeuliza, nikamjibu ndiyo. Angeniamini? Mimi ningemwamini yeye? Na tukisema kweli, chumba kile hakuna aliyewahi kusifiwa kwa kushinda pamoja na mwenzake. Angeitwa mlinzi wa ukuta wa dada yake, na wa kwanza kumwita hivyo ningekuwa mimi. Kwa hiyo namwelewa. Namwelewa, lakini ile asante niliyompa!

Walioshinda ni wale wawili, wakati sisi tunarushiana mawe ndani ya ukuta mmoja.

Kompyuta unayocheza nayo haina hayo. Ipandishe ugumu hadi mwisho, itakupiga, lakini haitakuomba uifungulie lango kwa sauti ya upole. Umechoka kwa sababu unacheza peke yako. Tafuta watu watatu, mkae chumba kimoja, kisha ndipo uniulize kama mchezo ni mzuri. Na hao watatu wasikuzubaishe kwa farasi zao; wewe shughulika na shamba.

Mjomba wako atakuwa hapa mwisho wa mwezi. Njoo na kompyuta yako. Kama alinisaliti au alicheza tu mchezo wake, miaka yote hii sijatamka, na leo pia nimeng'ata ulimi kwa shida. Muulize yeye. Ila muulize nikiwepo.

Mama