Mfalme aliyeshindwa, gazeti la asubuhi na mwigizaji aliyekimbizwa

Juma lililopita nilidokeza kwamba wazazi wangu ni Wamalayali, yaani wasemao Kimalayalam, na walitoka Kerala, kusini-magharibi mwa India, wakaja kufundisha hisabati Tanzania, nami nikazaliwa Dar es Salaam. Maswali yakamiminika. Nimechagua haya.

Mwalimu, shikamoo. Wahindi wa mtaani kwetu huwasha taa za Diwali. Nyinyi Wamalayali mbona kimya? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Diwali kwetu hupita kama mgeni wa njiani. Sikukuu yetu kubwa ni Onam, mwezi wa Chingam, kati ya Agosti na Septemba, mvua kubwa zikiwa zimepungua.

Kisa chake hiki. Mfalme Mahabali alikuwa wa ukoo wa asura, mahasimu wa miungu, lakini alitawala vizuri hata miungu ikaingiwa na wivu. Mungu Vishnu akamjia kwa umbo la kijana mfupi, akamwomba ardhi ya hatua tatu tu. Mfalme akakubali. Yule mfupi akarefuka: hatua moja akaimaliza dunia, ya pili mbingu. Ya tatu ikakosa pa kukanyaga, Mahabali akainamisha kichwa chake, akakanyagwa hadi kuzimu. Alichoachiwa ni ruhusa ya kurudi mara moja kwa mwaka kuwaona watu wake.

Basi maua tunayoyapanga uani siku kumi ni ya kumkaribisha aliyeshindwa, si mshindi. Wimbo wa zamani, ambao hata mimi wa Upanga nilifundishwa kabla ya kwenda shule, unasema enzi zake watu wote walikuwa sawa, na hapakuwa na pishi wala kibaba cha kupunja.

Ni ya Wahindu peke yao? (Msomaji, Mombasa)

Kisa ni chao, karamu ni ya wote. Kwa sensa ya 2011, Kerala ina Wahindu kama asilimia 55, Waislamu 27 na Wakristo 18. Wapo wanaowakataza waumini wao kushiriki, na ubishi huo hauishi, lakini majirani huendelea kualikana.

Wenzangu kazini wamenialika chakula cha jani. Nisije nikaaibika! (Msomaji, Muscat)

Hutaaibika, dada. Ncha ya jani la mgomba ielekee kushoto kwako. Kula kwa mkono wa kulia, na usishangae vyakula vikizidi ishirini, karibu vyote vya mboga. Ila ukialikwa na mtu wa Kozhikode au Kannur, kaskazini mwa Kerala, huenda ukakuta samaki au nyama, na wa kusini watakuambia hiyo si Onam. Mwisho huja payasam, ya tui na sukari guru, na korosho zilizokaangwa kwa samli. (Viwanda vya Kollam vimebangua korosho za Afrika Mashariki kwa miongo mingi, kwa hiyo huenda unarudishiwa za Mtwara.) Ukishiba, likunje jani kuelekea kwako.

Jikoni utajiona uko kwenu: nazi hukunwa kwa kifaa ambacho ni mbuzi yetu hii hii. Na ukialikwa tena Ijumaa ijayo, na ile inayofuata, usidhani wamekosea kalenda. Huko Ghuba kila chama huandaa Onam yake siku ya mapumziko ukumbi ukipatikana.

Kwa nini Wamalayali wanapenda magazeti hivyo? (Msomaji, Dodoma)

Nenda kibanda cha chai chochote kijijini asubuhi: gazeti moja, wasomaji sita, hoja saba. Gazeti la kwanza la Kimalayalam, Rajyasamacharam, lilitolewa Thalassery mwaka 1847 na mmisionari Mjerumani, Hermann Gundert. Malayala Manorama lilianza 1890, Mathrubhumi 1923, na yote mawili yapo hadi leo.

Lakini ninalolienzi mimi ni Swadeshabhimani. Mwenye mali alikuwa Mwislamu, Vakkom Moulavi. Mhariri alikuwa Mhindu, Ramakrishna Pillai. Mhariri alimwandama waziri mkuu wa Travancore, ufalme wa kusini mwa Kerala ya leo, kwa tuhuma za ufisadi, na tajiri wake hakumzuia. Septemba 1910 mtambo wa kuchapia ukataifishwa na Pillai akafukuzwa nchini. Moulavi alipoteza mtambo wake na hakumlaumu mhariri. Nawajua wenye vyombo vya habari ambao ningependa wakisome kisa hiki.

Sinema zenu ndiyo hiyo Bollywood? (Msomaji, Kigoma)

Hapana. Bollywood ni ya Kihindi, ya Mumbai. Yetu ni ya Kimalayalam, na mwanzo wake unauma. J.C. Daniel alitengeneza filamu ya kwanza, Vigathakumaran, isiyo na sauti. Mwigizaji mkuu wa kike alikuwa P.K. Rosy, binti wa tabaka lililohesabiwa la wasioguswa, naye aliigiza mwanamke wa Nair, tabaka la juu. Ilipoonyeshwa Thiruvananthapuram, watazamaji wa matabaka ya juu walighadhibika, wakarusha mawe kwenye pazia. Rosy alikimbia, hakuigiza tena. Ndio hao hao walioimba kwamba enzi za Mahabali watu wote walikuwa sawa.

Na ile ripoti ya waigizaji wa kike iliishia wapi? (Msomaji, Nairobi)

Ripoti ya kamati ya Jaji Hema, iliyochunguza hali ya wanawake katika sinema zetu, ilikabidhiwa serikalini Desemba 2019, ikafungiwa. Waandishi wa habari waliidai kwa sheria ya haki ya kupata taarifa, na Agosti 19, 2024 ikatoka, baadhi ya kurasa zikiwa zimeondolewa. Ilieleza unyanyasaji wa kingono na wanawake kukosa hata vyoo kwenye maeneo ya kupigia picha. Siku chache baadaye kamati nzima ya uongozi wa chama cha waigizaji ikajiuzulu. Onam, msimu ambao filamu kubwa hutoka, ilikuwa Septemba 15. Mwaka huo shangazi yangu wa Kottayam alinisomea gazeti kwenye simu kabla hata ya kuniuliza watoto hawajambo.

Nianze na filamu gani? (Msomaji, Morogoro)

Chemmeen ya 1965, ya wavuvi wa pwani; ilipata medali ya dhahabu ya Rais wa India. Tafuta yenye maandishi ya tafsiri chini. Na kama kuna msimuliaji wa kibanda cha video aliyeitia Kiswahili, nitumieni nakala, hiyo nitailipia.