Rehali iliyoachwa nusu

Mhariri, swali lenu la wiki iliyopita lilikuwa hili: fundi akifariki, vifaa vyake viuzwe, vigawanywe kwa wenzake au vitunzwe nyumbani kama kumbukumbu? Jibu langu ni fupi. Kabla hamjagusa hata patasi, ulizeni habari ya mirathi. Kwa Waislamu, na marehemu wetu, tuliyemwita Babu, alikuwa Mwislamu, madeni hulipwa kwanza, wasia hauvuki theluthi moja, na kinachobaki kina wenyewe. Wenzake wa karakana hawamo. Anayetoka msibani na randa mkononi eti "marehemu aliniahidi" ni mwizi mwenye machozi.

Hilo wasomaji wengine watalijibu vizuri kuliko mimi. Kilichonigusa ni jambo ambalo hamkuliuliza: ile kazi aliyoiacha juu ya meza, nusu imechongwa, nusu imechorwa tu. Msimamo wangu ni kwamba iachwe hivyo hivyo, mkono wa pili usiingie. Nitaeleza kwa nini, na mtanivumilia nikirefusha.

Sisi tuliochonga na Babu hatukuwa mafundi, na mafundi wa Keko, wale maseremala wa Dar es Salaam, hawakutuficha hilo. Tukipita kwao kutafuta vipande vya mbao, walituuliza kile kigoda cha mwezi uliopita kimefikia wapi, maana kwao kigoda ni kazi ya kabla ya chai. Tulikuwa watu wa Jumamosi. Mimi nauza dawa. Kulikuwa na nesi mmoja wa kiume, mwalimu mstaafu wa hesabu, kijana wa bodaboda tuliyemwita Dogo, na wengine waliokuja pale wake zao walipowaruhusu. Uwanja ulikuwa wa Babu, nyuma ya nyumba yake Tabata, chini ya mwembe. Babu naye alikuwa karani wa bandari mpaka alipostaafu. Mbao alizianza utotoni kwao Muheza, akaziacha kwa ajili ya ajira, akazirudia uzeeni kwa pupa, kana kwamba kuna mtu alimnyang'anya.

Alikuwa na masharti. Mninga haupigwi randa kabla hujajifunga kitambaa puani, kwa kuwa vumbi lake linakaba kifua. Msumari ulikuwa marufuku, na gundi ilikuwa ya kuombewa ruhusa. Msasa wa dukani aliuruhusu shingo upande, ila kazi zake mwenyewe alizimalizia kwa majani ya mti wa msasa aliyoletewa kutoka Muheza, yale makavu yanayokwaruza kama ulimi wa paka. Ukimwonyesha kazi yako hakusifu wala kuponda. Alikugeuzia upande wa chini, ule uliouficha, akakurudishia.

Alifariki alfajiri, akazikwa alasiri siku ile ile. Wanaume wa kundi letu waliwahi makaburini. Mimi nilikaa ndani na kina mama, na hapo nikakutana na swali la kila msiba: "Na wewe dada, ni nani wake?" Si ndugu, si jirani, si wa bandarini, wala si wa msikiti wake, maana mimi ni Mkristo. Nikasema tulikuwa tukichonga naye mbao. Mama mmoja akanitazama mikono.

Siku ya tatu, baada ya hitima, msemaji wa familia akaeleza maisha ya marehemu: kuzaliwa, shule, bandari, watoto, wajukuu, safari ya Hija. Mbao hazikutajwa hata kwa bahati mbaya, na msemaji alikuwa ameegemea mlango ambao Babu aliutengeneza kwa mikono yake. Sina kinyongo. Hata milango ya Mji Mkongwe kule Unguja ndivyo ilivyo: utasoma aya, utasoma mwaka, pengine na jina la mwenye nyumba, lakini jina la aliyechonga mara nyingi hulioni. Ila siku ile niliondoka nimejaa moyoni, na nadhani ndiyo maana niliposikia habari ya rehali nikawa mkali.

Kwa asiyeijua, rehali ni kile kibao cha kukunja cha kuwekea msahafu. Zile nzuri hutokana na ubao mmoja tu, bila bawaba ya chuma, bila gundi, bila msumari. Unachora safu ya vifundo, yaani meno ya bawaba ya mti wenyewe, ikikata ubao kwa upana, juu kidogo ya katikati. Unavichonga kwa patasi mbele na nyuma, kwa zamu: hiki unakiachia upande wa chini, kinachofuata upande wa juu. Unapitisha msumeno mwembamba kati ya kifundo na kifundo. Kisha unaupasua ubao kwa unene wake, kutoka ncha hii na kutoka ncha ile, mpaka ufike kwenye vifundo. Uzi wa mwisho wa mti ukikatika, ubao unafunguka na kusimama miguu imepishana. Ukikosea kifundo kimoja tu, umepata kuni.

Ya Babu ilikuwa ya mninga, mbao ambayo ikishakauka vizuri haichezi, ndiyo maana aliichagua. Vifundo vilikuwa vitano. Upande wa mbele vyote vilishachongwa, safi kabisa. Upande wa nyuma palikuwa na penseli tu. Msumeno haukuwa umeingia popote.

Jumamosi ya kwanza baada ya matanga kuanuliwa tulikaa kuizunguka. Nikasema tuipige msasa kidogo, tuitundike ukutani ilivyo, kila mtu aone alipofika. Nilidhani wote wako nami. Dogo akasema, "Dada, ukiitundika hivyo ni ubao tu." Mwalimu akasema ubao wenyewe si wetu, aulizwe mwenye nyumba. Hapo tukakwama, kwa sababu Bibi alikuwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, na wale wanaume hawakuwa maharimu wake wa kuingia kukaa naye. Kwa hiyo nikatumwa mimi, niliyekuwa napinga.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mjukuu wake anakhitimu msahafu mwezi wa Mfungo Sita. Asomee wapi, kwenye mto?"

Nikamwambia, "Bibi, mkono wa Babu ulishaanza. Sisi tutaharibu."

"Mkiharibu mtakuwa mmeharibu mbao, mwanangu. Kwani yeye hakuwahi kuharibu? Mimi nimepikia nini miaka yote hii?" Akacheka, nami nikacheka, halafu akalia kidogo. Akaniambia wanawe ameshazungumza nao, wameridhia.

Nikarudi uwanjani na jibu nisilolitaka. Na bado nilipata hoja ya kuchelewesha, maana Dogo alipougeuza ubao kutazama nyuma, alama za penseli zilionekana zimepinduka. Kifundo kilichoachiwa chini upande wa mbele, nyuma kilichorwa kuachiwa juu. Nesi akasema pengine Babu alikuwa ameanza kuumwa alipochora. Mwalimu akachukua kifutio. Nikamshika mkono, hilo nalikumbuka vizuri, kwa sababu nilimshika kwa nguvu mtu mzima wa rika la baba yangu, na ikabidi nimwambie samahani Mwalimu.

Tukaanza kubishana, na sitawachosha na yote, ingawa kwangu mimi ndiyo Jumamosi tuliyoomboleza kweli kuliko siku zote za matanga. Kila mmoja alidai Babu alimfundisha hivi, Babu alisema vile. Nesi akaapa kwamba alimwona akichora rehali nyingine. Mwalimu akachora vifundo mchangani kwa kijiti. Dogo ndiye aliyekuwa ameugeuza ubao kama mtu anavyofunua ukurasa wa kitabu, kushoto kwenda kulia. Mwalimu sasa akaugeuza kichwa chini, miguu juu. Alama zikalingana na za mbele, kifundo kwa kifundo. Tukanyamaza. Lakini kulingana machoni si ushahidi, alisema Mwalimu, na yeye ni mtu wa hesabu. Tukachukua kipande cha paini, ile mbao laini ya Sao Hill isiyomuumiza mtu mfukoni, tukanakili alama za Babu pande zote mbili bila kubadilisha hata moja, tukachonga, tukapasua.

Ikafunguka. Ilikuwa mbovu, miguu haikulingana na kifundo kimoja kilikwaruza, lakini ilisimama. Babu hakuwa amekosea. Kama Mwalimu angefuta penseli ile, mninga wenyewe usingefunguka milele.

Ya mninga ilichukua muda mrefu kuliko kazi yoyote tuliyowahi kuifanya pale. Msumeno alipewa Dogo, mwenye mkono usiotikisika kutuzidi sote. Sijui ni bodaboda iliyomfundisha. Kifundo cha nne, upande wa nyuma, kilibanduka ukingo, kipande kisichozidi ukucha. Simtaji aliyeshika patasi, ila sikuwa mimi. Nesi akataka gundi. Mwalimu akakataa, akasema gundi haikuwahi kuingia kwenye kazi ya Babu, haitaingia leo. Pengo likabaki.

Sasa hapa ndipo ninapopata shida na msimamo nilioanza nao. Ukiigeuza rehali ile unajua mara moja mbele ni nani na nyuma ni akina nani. Mbele vifundo vimekaa kama vilivyozaliwa hapo. Nyuma ni sisi. Nilipoanza kuandika barua hii nilitaka kusema kwamba hilo ndilo lililonithibitishia nilikuwa sahihi, kwamba tumeiweka kazi ya mtu karibu na aibu yetu. Lakini nikijiuliza ni lini hasa nilielewa Babu alikuwa fundi wa kiwango gani, jibu ni pale patasi ilipokwama kwenye kifundo cha nne. Kama ingetundikwa ukutani ningeisifu tu kama wasifiavyo wageni.

Mjukuu alikhitimu, akaisomea. Pengo la nyuma halimhusu kabisa. Baada ya arobaini tulikutana, kila mtu na kitu alichotengeneza chini ya macho ya Babu: vigoda, mbuzi ya nazi, bao la kete lenye mashimo yasiyolingana. Vingi vilikuwa vibaya, na tulivigeuza upande wa chini kimoja baada ya kingine. Wale Waislamu wakapendekeza tutengeneze rehali za paini kwa ajili ya madrasa ya mtaa, iwe sadaka ya kuendelea kwa ajili yake. Mimi na nesi, Wakristo, tulikubali kabla hawajamaliza sentensi. Hizo kwa kweli zinafunguka vizuri siku hizi.

Kwa hiyo uamuzi wangu, mhariri: bado nasema kazi ya marehemu iachwe. Isipokuwa kama kuna mtu anayeingoja aitumie. Na wenye mirathi wakubali. Na mjaribu kwanza kwenye mbao ya bei rahisi. Na kama ni kinyago, kama zile kazi za Wamakonde pale Mwenge, msiguse kabisa, kwa sababu hakuna alama ya penseli itakayowaambia alikuwa anaona nini ndani ya mpingo. Najua masharti yakiwa mengi hivi msimamo wenyewe haubaki na nguvu. Sina namna nyingine ya kuusema.

Na lile swali lenu la vifaa: patasi ziligawanywa na warithi wenyewe, na randa ya chuma, Record ya zamani ambayo sote tuliitamani, ilimwangukia mwanawe wa Morogoro, asiyejua hata kuinoa. Ni haki yake. Tumemwambia akichoka nayo bei tutaelewana, akasema atafikiria.