Barua kwa mwanangu: kabla hujauhukumu mchezo

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama uandike katika uhakiki wako kwamba Catan, ule mchezo wa ubao wa kujenga vijiji na barabara, ni mchezo mbovu, maana mmeucheza mara tatu na kila mara anayeanza kuweka kijiji anawaacha wengine mbali. Usiandike bado. Dalili hiyo naishuku: huenda mmekosea mpangilio wa mwanzo.

Kila mchezaji huanza na vijiji viwili na barabara mbili. Duru ya kwanza huenda kwa zamu, wa kwanza hadi wa mwisho. Duru ya pili hurudi kinyumenyume: wa mwisho huweka mara mbili mfululizo, na yule wa kwanza ndiye anayefunga. Mkizunguka upande uleule mara zote mbili, wa kwanza huchukua kona bora ya vigae vya ardhi, ambako kijiji huwekwa, kisha huchagua tena kabla ya wenzake. Mchezo unakuwa umekwisha kabla dadu hazijarushwa.

Angalieni na 7 ikitoka kwenye dadu. Anayerudisha nusu ya karata zake za malighafi ni mwenye karata nane au zaidi. Mwenye saba haguswi. Mwenye tisa hurudisha nne. Kisha aliyerusha humhamisha mwizi, kipande kinachozuia ardhi kilipo isizae, na wachezaji makini humpeleka kwenye ardhi ya anayeongoza. Msipofanya hivyo, nani atamzuia?

Halafu hesabu vilivyomo sandukuni, hasa kama umelinunua kwa mtu. Sanduku la wachezaji watatu hadi wanne lina vigae 19 vya ardhi, karata 95 za malighafi (19 kwa kila aina), karata 25 za maendeleo na vibao 18 vya namba, vinavyowekwa juu ya ardhi ili izae namba hiyo ikitoka kwenye dadu. Vibao hivi vidogo hupotea bila mtu kugundua. Namba 2 na 12 zina kimoja kimoja, 7 haina, zilizobaki zina viwili viwili. Dadu mbili huanguka kwa namna 36. 6 hutoka kwa namna tano, 12 kwa namna moja tu. Kwa hiyo kibao cha 6 kikipotea mkaweka 12 ya karatasi, ardhi ile itazaa moja ya tano ya ilivyopaswa, na aliyejenga pale ataumia bila kosa.

Ukikuta pengo, mwandikie mchapishaji. Taja jina la mchezo, toleo, lugha, mwaka uliochapishwa kwenye sanduku, kisha kipande chenyewe kwa rangi na idadi, na uambatishe picha. "Kuna vitu vimepungua" ni maneno yatakayorudishiwa swali tu. Ukiuliza kanuni, taja ukurasa, eleza hali ya ubao, na uulize swali linalojibika kwa ndiyo au hapana.

Baada ya hapo chezeni upya. Kwangu mimi, mara tatu kwa kanuni sahihi ndiyo kima cha chini, mkibadilishana viti, mara moja mkiwa watatu na mara moja wanne, kwa sababu wakiwa watatu ubao una nafasi nyingi zaidi na ushindani wa kona hupungua. Andika idadi hiyo ndani ya uhakiki. Andika na toleo pia. Katika Carcassonne, mchezo mwingine wa ubao, kwa mfano, namna ya kuhesabu alama za wakulima imebadilika kati ya matoleo, na msomaji mwenye toleo jingine atadhani umekosea.

Karata usizifunge kwa mpira. Mpira hubonyeza kingo, na ukizeeka hunata. Karata yenye alama ukingoni hutambulika hata ikiwa imefunikwa, na hapo siri ya mkono wa mchezaji imevuja. Tumia vifuko vya plastiki vya kufunga. Ukiamua kuvika karata nailoni, vika zote za fungu hilo, si zilizochakaa peke yake, la sivyo zilizovikwa zitajulikana kwa kuguswa.

Orodha ya vipande ibandike ndani ya kifuniko, mhesabu kila mnapomaliza. Niandikie mkishacheza kwa duru ya kinyumenyume.

Mama yako